Plastiki au Chuma: Bastola Ipimwe Kiunoni Kabla ya Mkononi

Walenga shabaha wanaoshindana chini ya kanuni za IPSC, shirikisho la kimataifa la mashindano ya kulenga shabaha, hufyatua risasi nyingi zaidi kwa mwaka mmoja kuliko askari wa kawaida anavyofyatua kwa miaka kadhaa, na katika daraja la bastola zinazouzwa madukani wengi wao wamechagua chuma. CZ Shadow 2, bastola ya Kicheki iliyoingia sokoni mwaka 2016 na kupendwa haraka na washindani, ina fremu ya chuma cha pua na uzito wa gramu 1,330 kabla haijatiwa hata risasi moja. Majeshi yamekwenda njia nyingine. Uingereza iliiacha Browning Hi-Power ya chuma mwaka 2013 ikachukua Glock 17 ya plastiki. Marekani iliamua mwaka 2017 kuiacha Beretta M9 yenye fremu ya alumini na kuchukua P320 ya SIG Sauer, ambayo mshikio wake ni wa plastiki. Ufaransa ikafuata mwaka 2020 kwa kuagiza bastola zaidi ya elfu 74 za Glock 17, zichukue nafasi ya Beretta ilizokuwa ikijitengenezea kwa leseni pamoja na MAC 50 za chuma zilizokwisha kuzeeka. Makundi yote mawili yanaijua kazi yake, yana fedha za kufanyia majaribio, na mara nyingi yanatumia risasi ile ile ya milimita 9. Hata hivyo majibu yao yanapingana. Hoja ya safu hii ni kwamba hakuna aliyekosea. Washindani wanaipima bastola ikiwa mkononi, majeshi yanaipima ikiwa kiunoni, na mabishano ya plastiki na chuma hayaishi kwa sababu wabishi hawasemi mizani yao wameiweka wapi.

Tuanze na fremu yenyewe, maana inapewa sifa na lawama nyingi zisizo zake. Fremu ni sehemu ya chini ya bastola: mshikio, nafasi ya magazini, mfumo wa kifyatulio, na reli ambazo slaidi huteleza juu yake. Mlipuko haufanyiki humo. Kwa kanuni za Ulaya za C.I.P., risasi ya 9×19 inaruhusiwa kufikia shinikizo la megapaskali 235, yaani zaidi ya mara 2,000 ya shinikizo la hewa inayotuzunguka, na mzigo huo hubebwa na chemba, mtutu na slaidi. Sehemu hizo ni za chuma cha pua katika Glock kama zilivyo katika CZ. Slaidi inaporudi nyuma, mtutu hushuka na kuegemea kipande cha chuma kilichopachikwa ndani ya fremu ya plastiki, na hata reli za Glock ni vipande vidogo vinne vya chuma vilivyozungushiwa plastiki ikiwa bado ya moto ndani ya kalibu. Kazi ya plastiki ni kuvishikilia vipande hivyo mahali pake na kumpa mpigaji pa kushika. Hakuna mkulima anayesema jembe lake ni la mti kwa sababu mpini ni wa mti. Anajua kinacholima ni kipi. Zaidi ya robo tatu ya uzito wa Glock ni chuma, na ndiyo sababu uvumi wa katikati ya miaka ya 1980, kwamba ingepita kwenye mashine za viwanja vya ndege bila kuonekana, haukuwa na msingi. Mwaka 1988 Marekani ilitunga sheria ya kupiga marufuku silaha zisizoonekana kwenye mashine hizo, na kipimo chake kilikuwa kipande cha chuma cha takriban gramu 105. Slaidi ya Glock peke yake inakizidi kipimo hicho mara kadhaa.

Plastiki yenyewe ni jamii ya nailoni, na watengenezaji wengi huiimarisha kwa nyuzi fupi za kioo. Nailoni yenye asilimia 30 ya nyuzi hizo ina uzito wa takriban gramu 1.4 kwa sentimita moja ya ujazo. Aloi za alumini zinazotumika kwenye silaha zina gramu 2.8, na chuma cha pua gramu 7.8. Kwa ugumu wa kukataa kupinda, ngazi ni ile ile ila mwachano ni mkubwa zaidi: chuma kina takriban gigapaskali 200, alumini 70, na nailoni ya nyuzi za kioo haifiki 10, tena hupungua zaidi ikishafyonza unyevu. Anayesoma namba hizi harakaharaka atasema chuma kimeshinda na mjadala umekwisha. Lakini fremu haihitaji kukataa kupinda kama mtutu unavyohitaji. Inachohitaji ni kupinda kidogo, kurudi mahali pake bila kupasuka, na kuyarudia hayo mara elfu nyingi. Nailoni ina sifa hiyo kwa wingi, na unyevu unaoipunguzia ugumu huiongezea uwezo wa kuvumilia kugongwa. Namba hizo zinaonyesha pia kwamba kuiweka alumini na chuma cha pua katika fungu moja la “metali” kunapotosha. Kwa uzito, alumini iko karibu na plastiki kuliko ilivyo karibu na chuma. Kwa maumbile ya uchovu, kama tutakavyoona, alumini ina udhaifu ambao chuma hakina.

Historia inaonyesha kwamba plastiki haikushinda kwa kuwa kitu kipya. Remington ya Marekani iliuza bunduki ndogo ya Nylon 66 kuanzia 1959, ambayo kitako na mwili wake vilikuwa vya nailoni ya DuPont. Heckler & Koch ya Ujerumani ilitoa VP70 mwaka 1970, bastola ya kwanza ya fremu ya plastiki kutengenezwa kwa wingi, yenye magazini ya risasi 18, miaka 12 kabla ya Glock. VP70 haikupendwa, na lawama kubwa iliangukia kifyatulio chake kilichokuwa kizito mno kuvuta. Fremu haikuwa tatizo. Gaston Glock, mhandisi wa Austria ambaye kiwanda chake kilikuwa kikitengeneza vyuma vya kuning’inizia mapazia, visu na sepetu za jeshi, aliingia kwenye zabuni ya jeshi la nchi yake bila historia ya kutengeneza bastola. Alishinda mwaka 1982 kwa silaha yenye sehemu chache, mvuto ule ule wa kifyatulio kila risasi, na magazini ya risasi 17. Norway ikaichukua mwaka 1985 na Sweden mwaka 1988. Tukizilinganisha VP70 na Glock tunapata onyo la kimsingi kwa kila anayetaka kupima nyenzo: bastola mbili za plastiki zilipata hatima tofauti kabisa, kwa hiyo plastiki peke yake haielezi ushindi wala kushindwa.

Twende sasa mkononi, uwanja ambao chuma kinashinda kwa haki. Hesabu yake ni ya fizikia ya sekondari. Risasi ya gramu 8 ikitoka kwa mwendo wa mita 360 kwa sekunde, bastola lazima irudi nyuma kwa msukumo ulio sawa na wake. Bastola ya gramu 900, ambao ndio uzito wa Glock 17 iliyojazwa risasi, itarudi kwa mita 3.2 kwa sekunde. Ya kilo 1.2, kama zilivyo nyingi za chuma za ukubwa ule ule, itarudi kwa mita 2.4. Nishati ya teke ni takriban jouli 4.6 kwa ile nyepesi na jouli 3.5 kwa ile nzito, tofauti ya theluthi nzima. Tukipanda hadi kilo 1.5, uzito unaokaribiana na ule wa Shadow 2 iliyojazwa, nishati hushuka chini ya jouli 2.8. Gesi ya baruti ikiingizwa kwenye hesabu, namba zote zitapanda lakini uwiano utabaki. Teke dogo lina maana kwamba mtutu unanyanyuka kidogo, kilengeo kinarudi mapema, na risasi ya pili inaweza kufuata haraka bila kupoteza shabaha. Katika mashindano yanayogawanya pointi kwa sekunde zilizotumika, faida hiyo hujirudia kila risasi siku nzima. Mshindani hulipa uzito huo wakati wa kuikimbiza bastola kutoka kituo hadi kituo, kisha akimaliza zamu yake huiweka begini. Kwake yeye gramu 400 za ziada ni bei rahisi.

Watetezi wa plastiki hujibu kwamba teke linalosikika si lile linalokokotolewa. Husema plastiki hupinda na kulisambaza teke kwa muda mrefu zaidi, na kwamba mtutu wa Glock umekaa chini karibu na mkono hivyo hauna nguvu ya kunyanyuka. Hoja ya pili ni ya kweli, ila si sifa ya plastiki. Urefu wa mtutu juu ya mkono unaamuliwa na mpangilio wa sehemu za ndani, hasa kutokuwepo kwa nyundo ya nje, na bastola ya chuma inaweza kupangwa vivyo hivyo. Hoja ya kwanza ina chembe ya ukweli, lakini haiondoi msukumo. Huubadilisha umbo tu. Njia safi ya kutenganisha nyenzo na mpangilio ni kuchukua bastola ile ile na kubadilisha fremu peke yake, na soko limetufanyia jaribio hilo. Walther ya Ujerumani ilikuwa na PPQ Q5 Match ya plastiki kwa ajili ya mashindano, kisha mwaka 2019 ikatoa Q5 Match yenye fremu ya chuma cha pua. Mfumo ni ule ule, mnunuzi ni yule yule, lakini uzito uliongezeka kwa karibu gramu 400. Kiwanda hakiongezi gharama ya kuchonga chuma kwa mapenzi. Kilijua kuwa mshindani anataka uzito na yuko tayari kuulipia. Smith & Wesson nao walitoa mwaka 2022 toleo la M&P lenye fremu ya alumini, na hapo nyongeza ya uzito haikuwa kubwa kiasi hicho, jambo linalothibitisha kwamba faida ya mkononi inatokana na uzito zaidi kuliko na metali kwa jina lake.

Bastola ya askari inaishi maisha mengine kabisa. Zamu ya saa 8 au 12 ni saa 8 au 12 za kubeba, na zamu nyingi huisha bila bastola kutoka kwenye ala. Mkanda ule ule unabeba redio, pingu, tochi na magazini za akiba, na mwilini kuna fulana ya kuzuia risasi. Glock 17 yenye magazini tupu ina takriban gramu 700. Beretta 92FS ina karibu gramu 950. M1911, iliyotumiwa na jeshi la Marekani kwa zaidi ya miaka 70, inapita kilo moja. Robo kilo inaonekana ndogo mezani, lakini haikai mezani. Inaning’inia upande mmoja wa nyonga kutwa nzima, mwaka hadi mwaka. Mtu akilemewa huanza kuiacha bastola ndani ya gari au kwenye droo ya ofisi, na bastola iliyoachwa ofisini haina shabaha hata kidogo. Plastiki ina faida nyingine inayofungamana na hiyo: mshikio ni sehemu ya fremu yenyewe, hauhitaji vibao vya pembeni, hivyo magazini pana inaingia bila mshikio kunenepa kupita kiasi. Waingereza walipobadilisha walitoka risasi 13 za Browning hadi 17 za Glock, huku bastola yenyewe ikipungua uzito. Ni kweli kwamba Beretta ya alumini nayo hubeba 15, kwa hiyo uwezo wa magazini si miliki ya plastiki. Kuupata uwezo huo pamoja na wepesi ndiko kulikoshawishi wizara za ulinzi.

Hapa huja pingamizi lililo zito kuliko mengine: kwamba askari wa kawaida hapigi bastola mara nyingi, kwa hiyo jeshi linanunua nyepesi kwa kuwa halijali. Jibu liko kwa kikosi ambacho hakiwezi kutuhumiwa hivyo. Makomando wa SEAL wa Jeshi la Majini la Marekani walitumia SIG P226 ya fremu ya alumini tangu mwisho wa miaka ya 1980, na mazoezi yao ya kufyatua ni mengi kupita ya karibu kila kikosi kingine. Katikati ya muongo wa 2010 walianza kuhamia Glock 19. Watu wanaopiga sana na pia wanabeba sana walipolazimika kuchagua kati ya mkono na kiuno, walichagua kiuno, kwa sababu silaha yao ya kwanza ni bunduki na bastola ni akiba. Uchaguzi wao unaipa nguvu hoja ya safu hii kuliko takwimu yoyote ya mauzo. Kinachoamua ni jinsi bastola inavyotumika. Ustadi wa anayeishika hauamui, maana bingwa wa mashindano na komando wote ni stadi, na wametofautiana.

Pingamizi la pili ni uimara. Wapo wanaoamini kuwa plastiki itapasuka na chuma kitarithiwa na wajukuu. Tuzitazame hitilafu zilizoandikwa kwenye kumbukumbu za umma. Walther P1 ya jeshi la Ujerumani Magharibi ilikuwa na fremu ya alumini. Fremu zikaanza kupata nyufa, na suluhisho likawa kupitisha pini ya chuma yenye pembe sita katikati ya fremu kuiimarisha. Beretta M9 ilipatwa na aibu mwishoni mwa miaka ya 1980 pale slaidi kadhaa zilipokatika wakati wa kufyatua, na mtengenezaji akaongeza kizuizi ili slaidi iliyokatika isimrukie mpigaji usoni. Slaidi hizo zilikuwa za chuma cha pua. SIG P320 ilizua kelele mwaka 2017 ilipoonekana kwamba inaweza kufyatuka ikiangushwa kwa pembe fulani, na kampuni ikatangaza kubadilisha sehemu za mfumo wa kifyatulio bila malipo, fremu haikuhusika. Katika visa hivi vitatu vikubwa hakuna hata kimoja ambacho plastiki ndiyo iliyovunjika. Sababu ya kisa cha kwanza inajulikana kwa kila fundi wa ndege: alumini haina kiwango cha mzigo ambacho chini yake haichoki kamwe. Kila mgongano unaiongezea uchovu kidogo, hata ukiwa mdogo. Chuma cha pua kina kiwango hicho, na ndiyo sababu fremu nzito ya chuma iliyosanifiwa vizuri inaweza kupita mitutu kadhaa. Kwa hiyo anayetaka urithi wa wajukuu ana haki ya kuchagua chuma cha pua, lakini hana haki ya kuikopesha alumini sifa hiyo.

Kuhusu joto na hali ya hewa, maneno machache yanatosha. Nailoni ya aina hii huyeyuka kwenye nyuzi joto zaidi ya 200 za Selsiasi, na gari lililoachwa juani Garissa au Dodoma halifiki hata nusu ya hapo. Rangi nyeusi inayochanganywa ndani yake huikinga dhidi ya mwanga wa jua, na mafuta ya kusafishia silaha hayaidhuru. Pwani, ambako chumvi ya hewani hula chuma usiku na mchana, fremu isiyopata kutu ni nafuu ya kweli kwa mlinzi wa bandari ya Mombasa au Tanga. Lakini nafuu hiyo isigeuzwe ruhusa ya uvivu. Slaidi, mtutu, springi, pini na reli bado ni chuma, na vitaota kutu ndani ya fremu inayong’aa. Bastola ya plastiki inaficha uchakavu kuliko ya chuma, kwa kuwa sehemu kubwa inayoonekana haibadiliki sura. Mkaguzi wa ghala la silaha anayezoea kuhukumu kwa macho ya nje atadanganyika.

Pingamizi la tatu linasema yote haya ni kisingizio, kwamba plastiki ilishinda kwa kuwa ni rahisi kutengeneza. Sehemu ya madai haya ni kweli na haifai kufichwa. Fremu ya chuma huchongwa kutoka kwenye bonge, ikipita kwenye mashine hatua baada ya hatua huku sehemu kubwa ya chuma ikiishia kuwa vumbi la sakafuni. Fremu ya plastiki hutoka kwenye kalibu kwa muda mfupi ikiwa karibu kukamilika. Kalibu yenyewe ni ghali sana, lakini gharama hiyo hugawanywa kwa mamia ya maelfu ya bastola. Faida hiyo ni ya kiwanda kwanza, na haimfikii mnunuzi bila kusukumwa. Katika zabuni ya Marekani ya 2017 washindani wawili wa mwisho, SIG na Glock, wote walikuwa na mshikio wa plastiki, na bado bei zao zilitofautiana kwa zaidi ya dola milioni 100 kwa mkataba mzima. Nyenzo ilikuwa ile ile. Kilichotofautiana ni ushindani na mkakati wa kila kampuni. Mnunuzi anayeamini kwamba plastiki lazima iwe nafuu atauziwa plastiki kwa bei ya chuma. Aidha, urahisi wa kutengeneza unaeleza kwa nini viwanda vinapenda kuiuza, lakini hauelezi kwa nini SEAL, ambao bajeti yao si ya kubahatisha, waliichagua.

Gharama ya kweli ya plastiki iko mahali ambapo wabishi wa teke na kutu hawapatazami: kwenye utambulisho wa silaha. Kwa chuma, namba iliyogongwa kwenye fremu hukandamiza metali hadi chini ya herufi, na maabara ya uchunguzi mara nyingi inaweza kuifufua hata baada ya kusuguliwa. Plastiki haihifadhi kumbukumbu ya namna hiyo kwa uhakika. Ndiyo sababu Glock huzamisha kibati cha chuma chenye namba ndani ya fremu, na P320 huweka namba kwenye mfumo wa ndani wa chuma unaoweza kuhamishwa kutoka mshikio mmoja hadi mwingine. Chombo cha kimataifa cha kufuatilia silaha, kilichopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2005, kinataka alama iwekwe kwenye sehemu ya msingi ya silaha, na ripoti ya Katibu Mkuu ya 2014 ilikiri kwamba plastiki na silaha za kubadilishwa sehemu zinaleta ugumu mpya. Jambo hili linatuhusu moja kwa moja. Itifaki ya Nairobi ya 2004 inazitaka nchi wanachama kuweka alama ya nchi iliyoingiza silaha, na RECSA, kituo cha kanda chenye makao Nairobi, kimegawa mashine za kugonga alama hizo. Mashine za kugonga zinahitaji chuma cha kugonga. Huko Marekani urahisi wa kumalizia fremu za plastiki nyumbani ulizaa silaha zisizo na namba, hadi serikali ikatoa kanuni mwaka 2022 na Mahakama ya Juu ikaiunga mkono mwezi Machi 2025. Hilo si tatizo la plastiki kama nyenzo, lakini plastiki ndiyo iliyoufungua mlango huo.

Kwa Afrika Mashariki mjadala huu si wa nadharia. Taarifa za polisi wa Kenya hutaja Ceska, yaani CZ, na Jericho mara kwa mara, na zote ni ukoo mmoja: CZ 75, iliyosanifiwa na ndugu Koucký kule Uherský Brod katika miaka ya 1970, na Jericho ya Israeli iliyojengwa juu ya mfumo huo huo. Hizo ni bastola za chuma, nzito, tulivu mkononi, na nyingi zitakuwa zikikaribia umri wa kubadilishwa. Zitakapobadilishwa kwa plastiki, kama mwelekeo wa dunia unavyoonyesha, jedwali la zabuni lisiishie kwenye bei na idadi ya risasi. Litaje ni sehemu ipi ya chuma itakayobeba namba ya mtengenezaji na alama ya nchi, na je, sehemu hiyo inaweza kutenganishwa na silaha bila kuiharibu. Liweke ratiba ya kubadilisha springi na pini kwa idadi ya risasi zilizofyatuliwa, na ukaguzi ufanywe silaha ikiwa imefunguliwa. Juu ya yote, lihesabu teke. Wepesi unaompa askari nafuu kutwa nzima unaongeza theluthi ya nishati inayorudi mkononi mwake siku atakapolazimika kufyatua, na nyongeza hiyo hulipwa kwa mazoezi peke yake. Kwa hiyo katika mkataba wa bastola nyepesi, risasi za mafunzo ziwe kipengele cha ununuzi ule ule, chenye idadi kwa kila askari kwa mwaka, zisisubiri fungu la mwaka ujao. Wizara ikiona haina uwezo wa kuzinunua, ibaki na chuma chake na ikigharimie matengenezo, kwa sababu askari aliyepewa wepesi bila mazoezi atakuwa amepunguziwa mzigo wa kiunoni na kuongezewa hatari ya kumkosa mhalifu na kumpiga mpita njia.